J.L.B. Smith na Samaki Mwenye Jina

James Leonard Brierley Smith alizaliwa tarehe 26 Septemba 1897 mjini Graaff-Reinet, Afrika Kusini. Alifundisha kemia katika Chuo cha Rhodes, lakini mapenzi yake yalikuwa kwa samaki.

Mnamo Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London alimwona samaki wa ajabu miongoni mwa waliovuliwa, akampelekea Smith mchoro wake. Smith alimtambua kuwa ni silikanti, aliyedhaniwa kutoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Hata hivyo, viungo vyake vya ndani vilikuwa vimekwisha kutupwa. Ikambidi Smith amsake wa pili, na msako huo ulidumu miaka 14.

Yeye na mkewe Margaret walizunguka pwani ya Afrika Mashariki wakisambaza matangazo yenye picha na ahadi ya pauni 100. Mwaka 1952, huko Zanzibar, walimpa nahodha Eric Hunt matangazo hayo, naye akayafikisha Komoro. Desemba mwaka huohuo, Ahamadi Abdallah, mvuvi wa Anjouan, alimvua silikanti. Smith alisafirishwa kwa ndege ya kijeshi, alipomwona alilia.

Ndipo ilipobainika kwamba wavuvi wa Komoro walimjua samaki huyo tangu zamani, wakimwita gombesa. Kwa wataalamu alikuwa muujiza. Katika Kikomoro, lugha ndugu ya Kiswahili, alikuwa na jina.

Smith alifariki tarehe 8 Januari 1968. Pengine msako wake ungalikuwa mfupi lau jina hilo lingalisikika mapema nje ya visiwa.