Mantan Moreland na Maiti Watembeao

Wanaomkumbuka marehemu Mantan Moreland kwa kukodoa macho tu, mimi naona wanamdhulumu. Mchekeshaji huyu mweusi wa Marekani alizaliwa Monroe, Louisiana, mwaka 1902. Mwaka 1941 kampuni ya Monogram, iliyozoea sinema za fedha chache, ilimpa nafasi ya mtumishi katika "King of the Zombies", kisa cha maiti wanaotembezwa kwa uchawi. Mtumishi anawaona kwa macho yake, lakini mabwana zake wazungu hawamsadiki! Bila yeye sinema ile ingekuwa chapwa. Baada ya vita, weusi wenziwe walichoshwa na dhihaka za mtumishi mwoga, kwa haki kabisa, naye kazi zikampungukia. Hata hivyo, mwaka 1957 aliigiza "Waiting for Godot" Broadway, pamoja na weusi watupu. Alifariki mwaka 1973.