Jemadari Baimungi na Haki ya Ardhi

Zamani Ulaya, mfalme alimpa kabaila ardhi, naye akamlipa kwa utii. Mambo hayo yalifika hata Meru na Embu. Wakati wa Mau Mau, sheria ya 1953 iliruhusu serikali ya Waingereza kutwaa mashamba ya wapiganaji, huku homugadi wakitunukiwa vyeti vya utiifu.

Baimungi Marete, jemadari wa Kimeru, hakusalimu amri. Alipigana katika misitu ya Mlima Kenya mpaka uhuru, Desemba 1963, ndipo akatoka, akidai wenzake wapewe ardhi bila malipo. Hakuridhishwa, akarudi msituni. Januari 1965 akauawa na askari wa serikali huru. Waliomtii mkoloni walibaki na mashamba; yeye, aliyeipigania ardhi, aliondoka mikono mitupu.