Bernard Courtois, mvumbuzi wa iodini aliyekufa bila mali

Iodini inayotiwa ndani ya chumvi ya kupikia ilijulikana kwa sababu ya kosa moja. Aliyelifanya ni Bernard Courtois, Mfaransa, mwaka 1811.

Courtois alizaliwa Dijon, mtoto wa mtengenezaji wa chumvi ya baruti. Wakati wa vita vya Napoléon baruti ilihitajika sana, na majivu ya kuni yakawa haba. Akatumia majivu ya majani ya baharini. Siku moja alimimina asidi kali kupita kipimo. Moshi wa rangi ya zambarau ukapanda, na pale ulipogusa vitu vya baridi ukageuka chembe nyeusi zenye kung'aa. Hakuwa na feza za kuendelea na uchunguzi, kwa hiyo akawapa marafiki kazi hiyo, nao wakaitangaza mwaka 1813. Mwaka 1820, daktari Coindet wa Geneva akaanza kutibu goita, ule uvimbe wa shingoni, kwa iodini.

Jambo hili linawagusa pia wakaaji wa Kasenga, kandokando ya mto Luapula. Iodini nyingi iko baharini. Kutoka huko inapanda hewani, na mwangaza wa jua unavunja michanganyiko yake. Chembe zinazoachiliwa zinakamata gesi ya ozoni, zinakuwa michanganyiko mipya, halafu zinashuka na mvua au vumbi. Sehemu kubwa inarudi baharini au inaanguka karibu na pwani. Kasenga iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari yoyote. Nchini kwetu, watafiti walikuta goita kwa wingi kwenye kisiwa cha Idjwi, Kivu ya Kusini, ambako iodini ilikuwa kidogo na muhogo usiolowekwa vizuri ulizidisha ubaya.

Ndiyo maana chumvi inaongezewa iodini. Lakini jua linaifuata hata sokoni: chumvi iliyoachwa wazi kwenye beseni, juani na penye unyevu, inapoteza iodini pole pole. Mama anayeuza akikupatia pakiti iliyofungwa, kutoka kivulini, chukua hiyo.

Courtois mwenyewe alijaribu kuuza iodini, lakini biashara ikaanguka. Mwaka 1831 Akademia ya Sayansi ya Paris ilimpa zawadi ya faranga 6,000, nazo hazikumwokoa. Alifia Paris tarehe 27 Septemba 1838, akiwa maskini.