Dijkstra na hodi iliyomkosesha raha

Uko steji ya Chwele, pale Kabuchai, unatazama video kwenye simu ukingoja matatu ya Bungoma. Mama anapiga. Video inasimama, mnaongea, ukimaliza inaendelea palepale ilipoachia. Kawaida tu, si ndiyo? Basi mfahamu Edsger Dijkstra, Mholanzi ambaye jambo kama hilo lilimtia hofu kweli kweli.

Alizaliwa Rotterdam mwaka 1930, na mwaka 1952 akaanza kuandika programu jijini Amsterdam. Alipooa mwaka 1957, alitaka cheti kionyeshe kazi yake ni mwanaprogramu. Maafisa wakakataa, ati kazi hiyo haipo! Akaandikishwa kama mwanafizikia.

Wakati huo wenzake, Bram Loopstra na Carel Scholten, walikuwa wakiunda kompyuta ya X1. Vifaa kama mashine ya kuchapa vilikuwa polepole mno, na kompyuta ilipoteza muda kuvisubiri. Wakaleta wazo la ukatizo: kompyuta iendelee na shughuli zake, kifaa kikiwa tayari kipige hodi.

Dijkstra akaingiwa na baridi. Hodi inaweza kuja wakati wowote, katikati ya hesabu yoyote. Programu ikikosea leo, kesho ukiirudia haikosei. Kosa utalitafutia wapi? Alichelewesha uamuzi miezi mitatu, mpaka wenzake wakamlainisha kwa sifa.

Alipokubali, akakaa chini. Kabla ya kufungua mlango, kompyuta lazima ihifadhi kila ilichoshika mkononi, kisha ivirudishe vyote bila kupoteza hata kimoja. Na je, hodi nyingine ikija wakati bado inahifadhi? Ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, lakini alipata utaratibu usioshindwa, na mwaka 1959 kazi hiyo ikampa shahada ya uzamifu. Miaka mingi baadaye aliendelea kugundua dosari kwenye mashine za wengine. Huyo ndiye mwoga wetu!

Balaa lingine: programu imesoma salio lako, Sh500, iongeze Sh100. Kabla haijaandika, inakatizwa na nyingine inayoongeza Sh200. Ya kwanza ikirudi inaandika Sh600. Mia mbili zako zimeenda hivyo! Miaka ya 1960 Dijkstra akabuni semafo, jina la ishara za reli: mmoja akiwa ndani, mwingine angoje. Hadi leo semafo zimo kwenye Linux, kerneli, yaani kiini, cha simu za Android.

Alipata Tuzo ya Turing mwaka 1972, akahamia Chuo Kikuu cha Texas mwaka 1984, na bado akaandika makala zake kwa kalamu ya wino. Alifariki Nuenen, Uholanzi, Agosti 2002.