Tom Mboya na Ujira wa Mwenye Jamaa

Marehemu Thomas Joseph Mboya, aliyejulikana po pote kwa jina la Tom, hukumbukwa na wengi kuwa yule waziri wa Kenya aliyeuawa kwa risasi mjini Nairobi mwaka 1969. Vijana wetu wa shule, kama wamemsikia, wamemsikia kwa habari ya ndege zilizowachukua wanafunzi kwenda Marekani. Leo twapenda kuyashika maisha yake kwa upande mwingine, yaani upande wa shamba la mkonge alikozaliwa. Maana kwa upande huo wasomaji wetu wa Kolo, na wa Irangi yote, watatambua mara moja kwamba habari hii yawahusu.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, katika shamba la Kilima Mbogo karibu na Thika. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga katika ziwa Viktoria. Aliliacha ziwa na nyavu zake akaenda mbali kukata mkonge, na hatimaye akafanywa nyapara. Baba na mama walikuwa Wakatoliki, nao watoto walikuwa wengi. Katika kambi ya shamba waliishi watu wa makabila mbalimbali, na mtoto akajifunza Kikamba na Kiswahili kwa wenzake wa kucheza. Baadaye watu walistaajabu kuona Mjaluo aliyeweza kuwahutubia wafanyakazi wa kila kabila. Sisi hatustaajabu sana, kwa kuwa kambi ya mkonge ndiyo iliyomlea.

Yafaa hapa tueleze kidogo juu ya mkonge wenyewe, kwani vijana wengi leo hawaujui ila katika vitabu. Mwaka 1893 Mjerumani Dakta Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida katika Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yalitokea mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, na miaka ya mwanzo ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikiuza nje zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikazipita nchi nyingine zote duniani. Shamba la mkonge halikuwa shamba kama lile la mtama. Lilikuwa kiwanda. Majani yaliyokatwa yalipaswa kufika upesi kwenye mashine ya kusaga iitwayo korona. Korona ilidai majani kila siku, na mtu aliitumikia korona. Mkata mkonge alipewa idadi ya matita ya kukata kwa siku, akimaliza, siku yake ilihesabiwa katika kadi ya kipande, asipomaliza, haikuhesabiwa.

Watu wa kukata walitoka wapi? Pwani hawakutosha. Kodi ya serikali ilidai fedha, na bara fedha ilikuwa adimu, basi vijana wa bara wakaenda kuitafuta. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba wa Tanganyika walikuwa na ofisi yao ya kuandika watu, iliyojulikana kwa jina la Silabu, na walioandikwa waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Watu wa uwanda wetu wa kati nao waliifuata njia hiyo ya kazi za mbali, wengine kwenye mkonge, wengine kwenye mashamba ya walowezi wa kaskazini. Barabara ipitayo Kolo kutoka Dodoma na Kondoa kwenda Babati na Arusha imewaona wengi wakienda, na si wote waliorudi. Wageni wanakuja leo Kolo kutazama michoro ya kale katika mapango, ambayo tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Wanyama wamechorwa humo, na wawindaji pia. Manamba hana picha yake po pote.

Ujira wa mtu huyo ulipimwaje? Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Ulipimwa kama kwamba yeye ni mtu asiye na mke, asiye na mtoto, wala mzazi mzee. Alipewa posho ya kinywa kimoja na nafasi ya kulala ya mtu mmoja. Matajiri walieleza kwamba jamaa yake ina shamba kijijini, hivyo haihitaji kulishwa na mwajiri. Lakini shamba hilo lililimwa na nani? Lililimwa na mke aliyeachwa, naye alilea watoto na kumtunza mkwe pia, bila mikono ya mume. Kwa hesabu hiyo uwele na mtama wa Irangi ulilipa sehemu ya ujira ambayo shamba la mkonge lilikataa kulipa. Wala ardhi yenyewe haikuwa na nguvu za kubeba mzigo huo daima. Vilima vya Kondoa vilimomonyoka hata serikali ikaanzisha mradi wa HADO mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika. Hatusemi kwamba mkonge ndio ulioleta makorongo yale. Twasema tu kwamba wale waliohesabu kuwa kijiji kitalisha wote hawakuja kukitazama kijiji.

Kanisa lilikwisha kusema juu ya jambo hili. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano kati ya mwajiri na mfanyakazi hayatoshi kuufanya ujira kuwa wa haki, ikiwa ujira huo haumwezeshi mtu kuishi. Papa Pius XI mwaka 1931 akaeleza wazi zaidi kwamba yapasa umtoshe baba pamoja na jamaa yake. Hatudai kwamba Mboya aliyachota mawazo yake yote katika nyaraka hizo. Alikuwa na shule nyingine kabla ya kusoma waraka wo wote, nayo ni nyumba ya baba yake.

Alisomeshwa na mapadre. Alianza Kabaa katika nchi ya Wakamba, kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Kisha akaenda Yala katika Nyanza, halafu Mang'u. Fedha za karo zilikuwa taabu daima. Alipofika mwisho wa Mang'u hapakuwa na njia ya kuendelea, kwa kuwa wadogo zake nao walingoja zamu yao. Akachagua mafunzo ya bwana afya katika Jeanes School, Kabete, kwa sababu huko mwanafunzi alilipwa kidogo.

Kazi hiyo ya bwana afya katika Halmashauri ya Jiji la Nairobi, aliyoianza mwaka 1951, twaiona kuwa na maana kuliko wanavyoiona waandishi wengi. Bwana afya huingia nyumbani mwa watu. Huona vyoo, huona maji, huhesabu vitanda chumbani. Nairobi ya siku hizo ilijengwa kwa ajili ya wanaume walio peke yao, na wengi walipanga kitanda tu, wala si chumba. Mke akija kutoka shamba hapakuwa na mahali pa kumlaza, akaja kwa siku chache na kurudi. Kijana huyu aliyaona hayo kila siku kwa amri ya kazi yake. Pia aliona kwamba Mzungu mwenye kazi kama yake alipata mshahara mara tano ya wake. Siku moja mama wa Kizungu aliingia katika maabara alimokuwa Mboya peke yake kazini, akatazama huku na huku, akauliza kama mna mtu. Habari hiyo ameisimulia mwenyewe katika kitabu chake Freedom and After, kilichotoka mwaka 1963, wala haihitaji maneno yetu.

Akaunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa, Mzee Kenyatta na wenzake wakakamatwa, na mwaka uliofuata chama cha KAU kikapigwa marufuku. Siasa ya Waafrika ikawa haina mlango. Katika mwaka huo huo wa 1953 Mboya alichaguliwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, naye ana miaka 23 tu. Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi na kuwachukua watu zaidi ya 20,000 kwenda vizuizini, na miongoni mwao walikuwamo viongozi wengi wa wafanyakazi. Shirikisho likabaki kuwa karibu sauti pekee iliyoweza kusema kwa niaba ya Mwafrika bila kuvunja sheria, naye alijua kuuchunga mpaka wa sheria kama mtu apitaye juu ya ukuta mwembamba.

Mwaka huo huo wa 1954 ilitoka taarifa ya kamati ya serikali juu ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana Carpenter. Kamati hiyo haikuwa ya wachochezi. Hata hivyo ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika makampuni walipata ujira usiowatosha wao wenyewe kwa mahitaji ya lazima, mke na watoto wakiwa hawajahesabiwa. Ikapendekeza ujira wa mtu mzima mwenye jamaa, ufikiwe hatua kwa hatua katika miaka kumi. Serikali ikakubali sehemu tu. Toka hapo Mboya alikuwa na silaha iliyofuliwa na serikali yenyewe, akaitumia mbele ya kila bodi ya mishahara.

Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa, wapatao 10,000, waligoma. Mji ule ulikwisha kuona migomo mikubwa mwaka 1939 na 1947. Na mwaka huo wa 1947 hata huku kwetu mgomo wa makuli wa Dar es Salaam ulifuata njia ya reli ukaingia bara. Mboya alikwenda Mombasa, akawasikiliza makuli, akawashauri warudi kazini na shauri lao lipelekwe mbele ya baraza la usuluhishi. Kumwambia mwenye njaa na hasira arudi kazini, kwa ahadi ya karatasi, si neno dogo. Walimwamini, na mishahara ikaongezwa karibu theluthi moja. Mwaka huo alifika pia Dar es Salaam, akawahimiza viongozi wetu wa vyama kuungana. Na Oktoba 1955 ikazaliwa TFL, katibu mkuu wake wa kwanza akiwa marehemu Rashidi Kawawa.

Miaka iliyofuata twaipita upesi, kwa maana imeandikwa mara nyingi: masomo ya Ruskin College huko Oxford, kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, uenyekiti wa mkutano wa Accra mwaka 1958, na ndege ya wanafunzi 81 ya mwaka 1959. Januari 1962 alifunga ndoa na Pamela Odede. Mwaka huo akawa Waziri wa Kazi, na Oktoba akawakutanisha serikali, waajiri na wafanyakazi katika hati moja ya mapatano.

Baada ya uhuru twaona jambo gumu zaidi katika maisha yake, nasi hatupendi kulifunika kwa sifa. Yule aliyedai ujira wa jamaa sasa alikuwa serikalini. Mwaka 1964 serikali ya Kenya ilipatana na waajiri waongeze idadi ya watu kazini, asilimia 10 katika makampuni na 15 serikalini, na wafanyakazi kwa upande wao wakae mwaka mzima bila kudai nyongeza wala kugoma. Mwaka 1965 sheria mpya ikaubana mgomo, na vyama vikakusanywa chini ya COTU. Kwetu nako TFL ilivunjwa mwaka 1964 ikawekwa NUTA. Mboya alijitetea kwamba mwenye kazi, hata akilipwa kidogo, ana heri kuliko maelfu wasio na kazi yo yote, na kwamba nchi changa haiwezi kugawa isichokuwa nacho. Hoja hiyo ina uzito, na mama wa kijijini mwenye kijana asiye na kazi angeikubali. Lakini kuli wa Mombasa naye angeweza kuuliza mbona kila mara subira hudaiwa kwa yule yule mwenye mkate mdogo. Sisi twaona kwamba Mboya mwenyewe, yule wa mwaka 1955, angemwelewa kuli huyo. Na swali hilo bado li hai hata hapa petu, ambapo baba akienda mjini kutafuta kibarua, ujira wake haumwezeshi kuwachukua mke na watoto wakae naye, naye hurudi Kolo akiwa mgeni kwa watoto wake.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, Mboya aliingia katika duka la dawa katika mtaa ulioitwa Government Road. Alipotoka alipigwa risasi, akafa. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Mtu mmoja, Nahashon Njenga Njoroge, alihukumiwa na kunyongwa mwaka huo huo. Na watu wengi wa Kenya hawakukubali kamwe kwamba alitenda peke yake. Misa ya wafu ilisomwa katika kanisa kuu la Jamaa Takatifu, na nje yake palitokea ghasia hata polisi wakatupa mabomu ya machozi. Kisha mwili ulisafirishwa kwa njia ndefu ya barabara kuelekea ziwani, watu wakisimama kando makundi kwa makundi, ukavushwa hadi Rusinga, kisiwa ambacho Leonard Ndiege alikiacha kwenda kukata mkonge.