Waterton na punda aliyepulizwa kwa mivukuto

Charles Waterton alizaliwa mwaka 1782 huko Walton Hall, Uingereza, katika familia ya wenye mashamba. Mwaka 1804 alikwenda Guiana, Amerika Kusini, kusimamia mashamba ya jamaa zake yaliyolimwa na watumwa. Huko ndiko alikoitafuta, mwaka 1812, sumu ya mishale ya wawindaji wa msituni, ambayo madaktari huiita kurare.

Mwaka 1814, jijini London, punda jike alitiwa sumu hiyo begani. Baada ya dakika 10 alilala kama mzoga. Koo lake la hewa likapasuliwa, akapulizwa kwa mivukuto saa mbili, akainua kichwa. Mivukuto iliposimama akazimika tena. Wakapuliza saa mbili nyingine, ndipo akasimama na kutembea.

Sumu ile hulegeza misuli, hata ya kupumulia, lakini haiondoi maumivu. Hapo mfugaji awe macho: mnyama aliyetulia kimya anaweza kuwa anasikia kisu chote. Nusukaputi ya etha ilionyeshwa hadharani mwaka 1846. Siku hizi daktari wa mifugo hutanguliza nusukaputi, kisha hupunguza kipimo cha dawa ya kulegeza misuli, kwani nusukaputi za kuvuta kama isoflureni huiongezea nguvu. Akizidisha, mnyama huchelewa kupumua mwenyewe.

Punda yule, aliyeitwa Wouralia, alikonda zaidi ya mwaka, kisha akanenepa. Alitunzwa Walton Hall bila kazi hadi kufa mwaka 1839; kibiashara ni hasara tupu, lakini Waterton hakujali. Yeye alifariki mwaka 1865.