Thomas Addison: Daktari aliyefuata weusi wa ngozi hadi juu ya figo

Ukijiangalia kwenye kioo ukakuta fizi zako zina weusi, usiogope. Kwa watu wengi weusi hiyo ni rangi tu ya asili, haina madhara. Ila upo weusi mwingine, unaoanza ukubwani na kuongezeka huku mwili unaisha nguvu. Aliyefumbua siri yake ni Mwingereza Thomas Addison.

Alizaliwa mwaka 1793 karibu na Newcastle, akasomea udaktari Edinburgh na kuhitimu 1815. Baadaye akahamia London, akadumu Hospitali ya Guy's. Darasani wanafunzi walimwona mkali na mwenye kujiamini, kumbe alikuwa mtu wa aibu sana.

Kilichomsumbua ni wagonjwa waliofika hoi: hawali, wanatapika, wamekonda, mapigo ya moyo dhaifu, na ngozi inazidi kuwa nyeusi kama iliyopigwa na moshi. Walipokufa, maiti zilipasuliwa kutafuta sababu. Zile tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo zilikuwa zimeharibika, kwa baadhi yao kutokana na kifua kikuu. Wakati huo hakuna aliyejua tezi hizo zina kazi gani! Mwaka 1855 akatoa kitabu chenye habari za wagonjwa 11.

Wapo waliombishia, hata huko Edinburgh alikosoma. Aliyemtetea ni daktari wa Paris, Armand Trousseau, aliyeuita ugonjwa huo kwa jina la Addison.

Leo sababu inajulikana. Tezi hizo zikishindwa kazi, kichwani inazidi kutolewa homoni ya kuziamsha, na homoni hiyohiyo inachochea rangi kwenye mistari ya viganja, makovu, fizi na ndani ya mashavu. Doa lenyewe haliumi, wala si kansa. Hatari ni hizo tezi, maana bila dawa mgonjwa anakufa. Ndiyo sababu ukimwonyesha daktari weusi mpya mdomoni, anaweza kukuuliza kama unachoka, unakonda au unasikia kizunguzungu ukisimama.

Addison mwenyewe aliteswa na sonona kwa miaka mingi. Mwaka 1860 aliacha kazi kwa sababu hiyo, na Juni 29 mwaka huohuo akajiua mjini Brighton. Alizikwa Lanercost, kaskazini mwa Uingereza.

Dawa ya kuziba pengo la tezi hizo ilikuja karibu miaka 90 baadaye. Anayeitumia kila siku anaishi, na mara nyingi weusi wa mdomoni hufifia.